Walimchagua Bora, Wakambeba Hadi Kambini

Saa kumi alfajiri, baridi ya Katanga ikiwa bado haijaachia, Zéphirin Badibanga amepiga magoti mbele ya kichuguu kinachomzidi kimo, anapuliza moto. Kichuguu hicho alikichimba tumbo mwenyewe, akakitoboa tundu la moshi kwa nyuma. Humo ndimo anamooka mikate ya watu wa kambi.

Unga ni wa mahindi, wa msaada, na mkate wake hauumuki vizuri. Watoto wanaupangia foleni hivyo hivyo.

Mikono yake ni mipana, imejaa makovu ya tanuri. Kwa misimu saba mikono hiyo ililinda lango la Étincelle, klabu ya mtaa wa Kenya, hapa Elisabethville. Mwezi uliopita mashabiki wa klabu hiyo walimpigia kura, akawa mchezaji bora wa mwaka. Ukimpa pongezi, anaendelea kupuliza moto wake.

"Banapenda mikono yangu," anasema bila kugeuka. "Mwenye mikono, hapana."

Zéphirin ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Baba yake alitoka Kasai, jimbo jirani, kuja kujenga reli, akaoa, akazikwa hapa. Yeye mwenyewe Kasai hajawahi kuiona hata kwa picha. Alizaliwa mtaani Kenya, akabatizwa Kenya, akawa mwokaji katika duka la mikate mjini, na jioni akawa golkipa.

Kisha Katanga ikajitenga na Kongo na kujitangaza kuwa nchi, mwaka wa 1960, na watu wenye majina ya Kasai kama lake wakaanza kuitwa wageni. Alidhani ni maneno ya redioni tu. Septemba ya mwaka jana, mji ulipoingia vitani, vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba. Mkewe, Madeleine, alibeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Yeye akabeba watoto wawili waliobaki. Tangu siku hiyo wanaishi pembezoni mwa mji, pamoja na maelfu ya wenzao, katika hema lililotiwa viraka vya magunia, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa.

"Bale bavijana nilibajua," anasema. "Moja alikuwaka anaimba jina yangu nyuma ya goli kila Jumapili. Siku ile aliniangalia mu macho, akaangalia chini. Lakini rungu hakuweka chini."

Nyumba yao haikukaa tupu. Aliyeingia ni Ngosa, mwenyekiti wa mashabiki wa Étincelle, muuza makaa mwenye sauti nene na uso wa bashasha. Ngosa hakumfukuza mtu. Hilo hata Zéphirin analikubali. Alikuta mlango wazi akaingia, na kila anayemuuliza humwambia kwamba anamlindia rafiki yake nyumba. Analinda kwa bidii kweli, maana amekwisha kuhamishia humo mke, watoto na kuku.

Kura ya mchezaji bora ilipaswa kupigwa Desemba, lakini Desemba mji ulikuwa ukilia mizinga. Ikapigwa Machi. Desturi ya Étincelle ni kwamba jezi za wachezaji huanikwa kwenye kamba uwanjani, na chini ya kila jezi huwekwa kopo lililofunikwa gunia. Kila shabiki hupita na kizibo kimoja cha chupa ya bia, akiingiza mkono katika kila gunia, ili asijulikane amekidondosha wapi.

Jezi ya Zéphirin ilianikwa na Constantin, nahodha, mzaliwa wa Katanga ambaye familia yake iko hapa tangu kabla ya migodi. Wazee wa klabu walinung'unika. Constantin akawajibu kwamba kinachopigiwa kura ni msimu uliopita, na msimu uliopita langoni alisimama mtu.

Makopo yalipomwagwa, la Zéphirin lilikuwa na vizibo vingi kuliko mengine yote. Kila mmoja alikuwa amempa kura yake kwa siri, akiamini kwamba ni yeye peke yake aliyethubutu. Walitazamana, anasimulia Constantin, kama watu waliofumaniwa.

Laiti wangekuwa na siri ya namna hiyo Septemba.

Sasa ikabaki kumtuza, na hapo ndipo palipo na kazi. Kombe la Étincelle, la shaba iliyofuliwa na mafundi wa mtaani, halitolewi uwanjani. Mshindi huketishwa kwenye kiti, mashabiki wanne wakamwinua mabegani, wakapita naye mitaani kwa nyimbo hadi mlangoni kwake. Mkewe hutoka na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akawaambia, "Mumemufikisha." Akishasema hivyo, kiti hushushwa na kombe hukabidhiwa. Kabla ya hapo, hakishuki.

Constantin alipoleta habari kambini, Madeleine alimkataza mumewe katakata asiende. Zéphirin akapiga moyo konde. Hakutaka kombe. Alitaka nyumba yake, na aliona njia. Mashabiki wenyewe wakimbeba hadi kwenye mlango wake, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, nani tena atasema si wake? Angeketi pale kizingitini, asiondoke. Ngosa angekuwa na haya, hata kidogo.

Walifika Jumapili mchana na ngoma. Wengine walimkumbatia wakitokwa machozi, na Zéphirin anasema yalikuwa machozi ya kweli, jambo ambalo mpaka leo linamsumbua. Alipelekwa uwanjani, akashangiliwa, akaketishwa. Ngosa akashika mguu wa mbele wa kiti, upande wa kulia.

Wakaingia mitaa ya Kenya wakiimba. Kutoka kule juu aliona juu ya nyua zote. Akaiona nyumba yake. Akaiona meza yake, aliyoinunua mwaka aliooa, imetolewa nje, mke wa Ngosa amemwaga juu yake mihogo ya kukausha. Akajiandaa kushuka.

Kiti hakikupinda kona. Kilipita.

Alidhani wamejisahau kwa nyimbo. Akamgusa Ngosa begani, akamwonyesha nyumba. Ngosa, bila kukatisha wimbo, akamwambia wanampeleka kwake. Kumbe kamati ya mashabiki ilikuwa imekaa na kuamua: desturi inasema mlangoni kwa mshindi, na mshindi sasa anakaa kambini. Wakatoka naye Kenya, wakatoka naye mjini, wakachukua barabara ya vumbi. Constantin, aliyeshika mguu wa nyuma, anaapa kwamba hakujua lolote mpaka kona ilipopitwa. Alikuwa na nafasi ya kuacha kubeba. Hakuacha, na anasema hilo pia.

Askari wa lango la kambi waliwafungulia wakicheka, wakidhani ni harusi.

Madeleine alitoka hemani akawakuta wanne wamesimama na mumewe mabegani, jasho likiwatiririka, wakimngoja aseme neno lake. Akamtazama Ngosa. Akatazama viraka vya hema. Akakunja mikono kifuani, akanyamaza.

Waliimba tena. Akanyamaza. Walipokezana mabega, jua likateremka, wanawake wa kambi wakajikusanya nyuma yake, nao wakanyamaza. Mwishowe mabega ya Constantin yalianza kutetemeka, na Zéphirin, kwa huruma, akaruka chini mwenyewe. Mkewe hajamsamehe huruma hiyo.

Kombe lilirudi Kenya. Bila lile neno halikabidhiwi.

"Ningesema mumemufikisha, ndiyo kusema hapa ni kwetu," anaeleza Madeleine, akipanga mikate juu ya gunia. "Bangerudia na roho muzuri, balale mu kitanda yangu. Hapana. Balale na roho mubaya."

Na wanalala nayo kweli, kwa sababu Étincelle haifungui msimu mpya kabla mshindi wa mwaka hajafikishwa. Wiki iliyopita Ngosa alikuja kambini peke yake, amevaa kofia ya Jumapili. Alibembeleza, akakumbusha urafiki, akasema vijana wanataka kucheza.

"Ni neno moja tu, mama," alimwambia.

"Na nyumba ni moja tu, baba," Madeleine akamjibu.

Ngosa akaondoka na kofia yake mkononi. Akarudi nyumbani kwa Zéphirin.

Zéphirin hana matumaini na ushindi huo wa mkewe. Anawajua watu wake: watabadilisha desturi, kwa kuwa kubadilisha desturi hakuhitaji mtu kuhamisha kuku. Tena muda wenyewe umekwisha. Wakimbizi wanaandikishwa kupelekwa Kasai, na familia yake inaondoka Alhamisi, kwenda kwenye nchi wanayoambiwa ni ya kwao. Ameambiwa kule kuna timu, na habari za mikono yake zimeshafika. Amekwisha kukataa. Ataoka mikate, basi.

Akiulizwa kama atarudi, anaacha moto kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Anasema atarudi, vita vikiisha, hata kama nywele zitakuwa nyeupe, na safari hiyo hatakubali mtu ambebe. Na akifika?

"Nitapiga hodi," anasema. "Ku nyumba yangu mwenyewe nitapiga hodi, polepole, na kofia mu mukono. Siogope kama Ngosa atakatala kufungua. Niko naogopa atafungua, ataniita rafiki, ataniambia: ingia, karibu."