Meneja, Dume la Kikundi

Balbina wa Lipangalala alikuwa mjane, na maneno hakuwa nayo mengi. Alilima mpunga mashamba ya watu mpaka kikundi cha ng'ombe wa maziwa kikampa mtamba wa kisasa, Maua. Akizaa, Balbina na bintiye Eveline watakunywa maziwa na mengine watauza. Sharti kubwa lilikuwa hili: ng'ombe wa kikundi hapandwi na dume mwingine ila Meneja, damu ya kizungu isije ikachafuka.

Meneja alifugwa kwa mwenyekiti, Anselim. Alinenepa kwa pumba za wanachama, kwani kila aliyeleta ng'ombe alileta na debe. Kupanda alipanda, uvivu hakuwa nao. Lakini tangu arithi kazi ya baba yake, ng'ombe wanapandwa, wanarudia kutaka dume, wanapandwa tena, na matumbo ni matupu. Maua alikuwa mwaka wa pili hivyo. Anselim hakukosa jibu: akina mama wavivu, hawakati majani.

Mwaka tisini na tano akaja bwana mifugo mpya, Viktor, na hadubini yake. Alizikinga mbegu za Meneja, akachungulia, akawaita wanachama. Balbina alipoinamia kioo aliona vidudu vingi vimelala kimya. Vichache vilivyo hai vilikuwa na mikia iliyojikunja, vinazunguka palepale.

"Mama yake huyu ni nani?" Viktor akauliza.

"Binti wa dume la kwanza," wanachama wakajibu.

"Na baba yake?"

"Dume hilohilo."

"Basi baba yake ndiye babu yake. Damu ikijirudia hivyo, mbegu za dume huharibika. Ng'ombe wenu hawana kosa. Huyu mchinjeni, mtafute dume wa mbali."

Anselim akacheka, akasema vijana wa chuo wanapenda nyama. Balbina hakucheka. Kijana wa pale akitaka kuoa, wazee wanafukua ukoo mpaka kwa mababu, na kanisani ndoa inatangazwa Jumapili tatu, mtu asije akaoa nduguye. Haya ya Meneja wote walikuwa wanayajua, wakayafumbia macho kwa sababu ni ng'ombe.

Maua alipotaka dume tena, Balbina alimswaga kimyakimya hadi kwa Nyamizi, Msukuma aliyehamia ng'ambo ya mashamba.

"Dume letu halina cheo, Mama Eveline," Nyamizi akamwambia. "Lilikuja na mahari ya binti yangu, kutoka mbali."

"Cheo nimekichoka, dada."

Safari hii Maua hakurudia. Balbina alifurahi peke yake, maana hakuwa na wa kumwambia. Ndipo kikao kikaamua kwamba ng'ombe wote tasa wapelekwe kwa wachinjaji wa Kiberege, na Maua akatajwa wa kwanza.

"Maua ana mimba!" Balbina akasimama. "Nilimpeleka kwa dume la Nyamizi."

Anselim alimtazama kwa huruma ya uongo. "Umejihukumu mwenyewe, mama. Umevunja katiba. Ng'ombe ni mali ya kikundi, atahamia kwa mwenyekiti."

Waliochungulia hadubini siku ile walikuwapo wote, na wote waliangalia chini. Balbina aliwachukia kuliko alivyomchukia Anselim.

Maua akazaa jike la kijivu, lenye kinundu cha kienyeji mabegani ambacho hata kipofu angekipapasa. Anselim alitangaza kwamba Meneja amerudi kazini, na wanachama wakapiga makofi. Viktor alikuwa ameshahamishwa.

Masika Eveline akaugua akadhoofika, na zahanati wakasema apewe maziwa. Mtaani maziwa yalikuwa kwa Anselim tu. Balbina alikwenda na kikombe chake, akasimama mlangoni huku Marsiana, mke wa mwenyekiti, akimpimia maziwa ya Maua.

"Siri ni lishe, mwenzangu," Marsiana akasema, akipokea hela. "Wewe ulimshindisha njaa, angezaaje?"

Balbina alikifunika kikombe kwa kiganja, akaondoka bila kuaga.