Tundu la Nne

Nilipomaliza chuo kikuu na shahada yangu ya falsafa, serikali ilinipangia kazi kwenye chumba cha kompyuta. Enzi hizo hukuchagua kazi, ulipangiwa. Mashine ilijaza chumba kizima na ilikuwa na kiyoyozi chake, wakati sisi wengine mjini tulijipepea kwa magazeti. Wenzangu walinicheka: mwanafalsafa mzima anatoboa matundu kwenye kadi za kulishia mashine! Sikujali. Mantiki niliyoisomea ndiyo hiyo hiyo iliyoliendesha lile dude: jambo ni kweli au si kweli, hakuna la katikati.

Ikaja kazi ya kuorodhesha wakazi wa Temeke, ili wasio na kazi warudishwe vijijini wakalime. Mkuu wangu aliniachia nipange makundi. Nikapanga manne, kila moja na tundu lake kwenye kadi: la kwanza mwajiriwa, la pili mkulima, la tatu mwanafunzi, la nne asiye na kazi. Kila mtu awe na kundi moja, na asibaki mtu nje. Nilijisifu kwa mpango ule, na mpaka leo naona aibu.

Fomu ya baba yangu ilinifikia mezani pamoja na nyingine za mtaa wa Keko. Baba alikuwa seremala. Alitoka Kusini angali kijana, akawa anatengeneza vitanda na makabati kando ya barabara tangu kabla sijazaliwa. Hakuajiriwa na mtu, na shamba hakuwa nalo. Nilikaa na ile fomu hadi chai ya saa nne ikapoa. Ningeweza kumwendea mkuu nikamwambia mpango wangu una kasoro, tuongeze kundi la tano. Kiburi kilinizuia. Nikatoboa tundu la nne kwenye kadi yake.

Mashine haikukosea hata kidogo. Ilifuata nilichoiambia, ikatoa orodha, na jina la baba likawamo.

Siku lori lilipokuja kuwachukua walioorodheshwa kwenda vijijini, nilimkuta amesimama kwenye foleni na mafundi wenzake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si uko hukohuko kwenye kompyuta? Hebu nambie, mwanangu, nani kasema mie sina kazi?"

Nilikuwa nimejiandaa kuisingizia mashine, naye angeniamini. Nilishindwa.

"Mimi, baba."

Hakunigombeza. Alinitazama, akaitazama mikono yake iliyojaa vumbi la mbao, akaipangusa kwenye shati, kidole kimoja kimoja, kisha akapanda lori.