Waliponisifu kwa Kunenepa

Watu wa kwetu Gesima hawajawahi kunipenda kama walivyonipenda ule mwaka niliokaribia kufa. Sijawasamehe, na sioni haraka ya kuwasamehe.

Nina bipola. Kijijini wana neno lao la kuuita ugonjwa huu, na hulisema nikiwa nimewapita hatua chache tu, ili nilisikie vizuri. Ukinipandisha, silali, naongea bila breki, naingia shambani kuchuma chai kabla jua halijachomoza na kugombana na kila mtu hadi kwenye kituo cha kuuzia majani. Ukinishusha, sitoki chini ya blanketi. Kliniki moja ya mjini walinipa lithiamu, nikaimeza kila siku, na kweli kichwa kikatulia. Kwa hilo sina ubishi.

Kisha mwili nao ukaanza vituko vyake. Uso ulivimba, mashavu yakajaa, miguu ikawa mizito. Baridi iliniingia mifupani hata adhuhuri, nikawa nachuma chai nimevaa sweta mbili huku wenzangu wakitokwa na jasho. Nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti ilikwaruza, halafu ikazama. Nilikuwa nasimama katikati ya michai, mkono juu ya chipukizi, nikisahau kilichonipeleka pale.

Mama yangu aliyaona haya yote akafurahi. Kwetu mgonjwa akipona huonekana mwilini. Mwili ukijaa, mambo yamekwisha.

"Umenenepa, mwanangu," aliniambia akinibonyeza shavu. "Mungu amejibu."

Majirani ambao zamani walikuwa wakivuka barabara wakiniona, sasa walikuja kunisalimia na kuniletea ndizi. Nilizila. Ndizi hazikuwa na kosa.

Sabato moja mzee wa kanisa alinisimamisha mbele nitoe ushuhuda wa uponyaji wangu. Nilishikilia meza nisianguke. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Mzee akanisaidia.

"Mnakumbuka huyu dada vile alikuwa anapiga kelele? Sasa muone ametulia. Muone mwili!"

Kanisa zima likaitikia amina. Nilitamani kuwatukana wote, kuanzia mzee mwenyewe hadi mwanakwaya wa mwisho, ila nguvu za kutukana sikuwa nazo. Kumbe hiyo ndiyo afya waliyokuwa wakiniombea miaka yote: mwanamke mnene asiyesema.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilirudi kliniki nikamwambia mhudumu kwamba nasikia baridi na nimechoka. Hakuinua uso.

"Unalala?"

"Nalala kupita kiasi."

"Kuna sauti unasikia?"

"Hata yangu siisikii."

Hakucheka. "Hiyo ni hali yako tu, mama. Endelea na dawa."

Siku hiyo nilikata shauri. Ikiwa kila maumivu yangu yatapelekwa kichwani, basi kichwa nitakiacha nyumbani. Nilienda Kisii, hospitali ambako hakuna anayenijua, nikapanga foleni na watu wa kikohozi na wa mgongo. Daktari alikuwa msichana mdogo kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika shingo kwa vidole vyake na kuniambia nimeze mate. Karibu nilie. Tangu niitwe mgonjwa wa akili, hakuna daktari aliyekuwa amenigusa.

Halafu akauliza kama kuna dawa ninayotumia.

Nilijua nikiitaja nitaacha kuwa mgonjwa, niwe kichaa. Nilijua pia nikiificha anaweza kuniua kwa kutojua.

"Nitolee damu kwanza, daktari," nilimwambia. "Ikitoka nitakuambia."

Alinitazama, lakini akanitoa damu. Ndipo nikasema, lithiamu. Akavuta kiti chake nyuma. Kidogo tu, ila niliona.

"Ungesema mapema."

"Ningesema mapema, ungenishika shingo?"

Aliipeleka chupa maabara. Damu ilimjibia: tezi ya shingoni ilikuwa karibu kulala kabisa. Alinieleza kwamba lithiamu inaweza kufanya hivyo, na kwamba anayeimeza anapaswa kupimwa damu kila baada ya muda. Mimi nilikuwa nimepimwa uzito tu, wakanipongeza. Hakunisimamishia lithiamu, aliniongezea kidonge kidogo cha tezi, cha kumeza asubuhi kabla ya chai.

Joto lilirudi polepole. Uvimbe ukaisha, mashavu yakashuka, sauti ikapanda. Nilianza tena kuimba shambani, na jirani aliyekuwa amesogeza mpaka wetu nikiwa nimesinzia nilimwambia mbele za watu aurudishe. Kichwa kilikuwa kimetulia vilevile. Usiku nililala kama mtoto.

Jioni ya siku niliyomkabili jirani nilimkuta mama mlangoni, simu sikioni, akiongea na mzee wa kanisa.

"Njooni mumwombee," alikuwa akisema. "Ile hali yake imerudi."

Niliishika simu nikaikata. Nikauchukua mkono wake nikauweka shavuni mwangu.

"Mama, nishike. Siumwi. Nina joto."

Alilipapasa lile shavu lililokonda.

"Mwaka jana ulikuwa umepona kabisa."

"Mwaka jana nilikuwa nakufa, Mama."

Aliuondoa mkono wake, akaupangusa kwenye leso.

"Lakini ulikuwa mtoto mzuri," akasema.