Jiwe Jeusi la Binti wa Pol Uc

Kwetu mawe yote ni meupe na laini. Ukisagia mahindi, jiwe nalo linasagika, na mikate inajaa mchanga. Wanawake wetu walilika meno hadi kwenye ufizi. Wanawake wa nyumba za mabwana walicheka kwa meno mazima, kwa sababu walisagia mawe meusi kutoka milima ya moto, mbali kusini. Walioyabeba ni sisi wachukuzi, mkanda kwenye paji la uso, mgongo umepinda.

Pol Uc alikuwa mchukuzi hodari kuliko sote. Mkewe alikufa akinywa uji tu, hana jino la kutafunia. Tulipotoka kumzika mkewe, Pol aliniambia, "Binti yangu Mukuy hataingia kwa mumewe na jiwe jeupe."

Akadunduliza mbegu za kakao, fedha yetu ya siku zile, hadi binti akachumbiwa, akanunua jiwe kule milimani, akalifunga juu ya mzigo wa bwana. Njia nzima tulimtania.

"Pol, mke mpya huyo? Mbona mzito?"

"Mzito, lakini hanung'uniki kama wewe."

Langoni mwa mji msimamizi wa bwana alilitazama. "Hili la nani?"

"La binti yangu, mkubwa. Anaolewa."

"Tangu lini binti wa mchukuzi akasagia jiwe jeusi? Lipeleke jikoni kwa bwana."

Mukuy alikuwa amekuja kutupokea. "Baba, sema kitu," alinong'ona.

Pol alilifungua kwenye mzigo. Alilipeleka mwenyewe, akainama, akatoka. Aliamini kwamba bwana akikosewa heshima mvua itakatika. Nami niliamini. Sehemu ya moyo wangu ingali inaamini, maana siku zile wachukuzi tuliporudi tulipigiwa ngoma, na kila mtu alijua mahali pake pa kusimama. Leo hakuna anayejua.

Mukuy akaolewa na mpiga makasia, akahamia pwani. Babaye alimuaga kwa kuinamisha kichwa tu.

Kisha ikaja mitumbwi mikubwa iliyozunguka nchi kwa njia ya bahari. Mmoja ulibeba mzigo wa kundi letu zima, bila kula njiani. Nani angelipia mgongo tena? Njia yetu ikaota miti. Mji usio na mto uliishi kwa njia ile na kwa maji ya mabwawa ya bwana; mizigo ilipokoma, hakupatikana wa kuzibua mabwawa, na mabwana wenyewe wakaondoka. Nilijifunza peke yangu kusoma mawe waliyosimamisha uwanjani. Yanasema nani alimzaa nani, nani alimteka nani. Wachukuzi hatumo.

Siku moja Pol akaingia jikoni mwa bwana mchana kweupe, wala hakuna aliyemzuia. Jiwe lilikuwa pale, limelika bonde katikati, kijiwe chake cha kusagia kwa mkono hakipo. Akalifunga mkanda. Nikamfuata, wazee wawili, hadi baharini.

"Baba! Umelibeba hilo mpaka huku?" Mukuy alisema. "Huku yanauzwa sokoni kama maboga!"

"Hili ni lako."

Jiwe la Mukuy mwenyewe lilikuwa pale pale kando ya moto, jeusi, zima. Hata hivyo alipiga magoti, akatia mahindi kwenye jiwe la baba yake, akajaribu kwa kijiwe chake. Kikayumba. Bonde lile lilichimbwa na mikono ya wanawake wengine; kijiwe kilikwaruza kingo tu, na mahindi yakabaki mazima chini.

"Si kitu, baba. Nitalizoea."

"Fungua mdomo."

"Baba, mimi si mtoto."

"Fungua, mwanangu."

Akafungua, akicheka kwa haya. Meno yote yalikuwepo. Pol aliyatazama muda mrefu.

"Lile pale alikununulia mumeo?"

"Ndiyo. Mwaka ule ule tulipohamia."

Pol akavua mkanda kichwani, akaukunja, akauweka juu ya jiwe. Kisha akanigeukia akaniuliza kama njia ya kurudi itapitika mvua zikianza.

Nikamwambia haitapitika.