Alirekodi nyatiti isipotee, sasa mpigaji haitwi matangani

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya soko, Risper Agola anazima spika ya kibanda chake. Wateja wawili walioleta simu kuchaji wanalalamika. Anapangusa kigoda kifupi, anakiweka kivulini nyuma ya kibanda, kisha anasimama akiitazama njia inayotoka mtoni.

Mzee Nahashon Obiero anapanda polepole. Nyatiti yake, zeze la Kiluo la nyuzi nane na bakuli la mti, ameifunga kwenye blanketi na kuibeba mgongoni kwa kamba ya mkonge.

"Nyar Gem!" anaita kabla hajafika. Ndiyo kusema binti wa Gem: Risper alizaliwa huko akaolewa huku, na huku hana jina lingine. "Leo mashine yako ina afya?"

"Kaa kwanza, jaduong'. Hata chai hujanywa, unaulizia mashine."

"Chai nitakunywa. Mashine je?"

"Betri inasumbua."

"Betri! Wewe unachajia soko zima simu, halafu yako ndiyo inakosa moto?"

Ndivyo Jumanne zinavyokwenda hapa Got Rateng', Siaya, tangu Machi. Mzee anataka kurekodiwa, Risper anatafuta visingizio. Kwa wanaomjua mama huyu ni kioja, maana kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwona mpiga nyatiti akampita bila kumwekea kinasa sauti mbele ya mdomo.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alianza baba mkwe wake alipofariki. Mzee aliyepiga nyatiti kwenye matanga yale naye alifariki muda mfupi baadaye, na kijiji kizima hakikuwa na hata wimbo wake mmoja. Risper aliuza mbuzi wawili, akanunua kinasa sauti kidogo, akaanza kutembea.

Alitembea Alego, akatembea Ugenya. Aliwarekodi wazee, Obiero akiwemo, akazipiga picha nyatiti zao, akauliza bakuli limechongwa kwa mti gani, ngozi ni ya ng'ombe wa nani, na ni lini waliacha kutumia kano za ng'ombe wakaanza kufunga nailoni ya kuvulia samaki. Wengi wa wazee hao sasa wako kaburini. Sauti zao zipo kibandani, na kwa shilingi ishirini alimwekea nyimbo yeyote aliyekuja na memori kadi.

"Nilifurahi kama mjinga," anasema. "Bodaboda anapita anapiga Obiero. Posho mill wanapiga Obiero. Nikasema, basi, haitapotea tena."

Haikupotea. Aliyepotea ni Obiero mwenyewe.

Zamani hazikupita wiki mbili bila mzee huyu kuitwa kwenye matanga. Malipo yalikuwa kama shilingi elfu tatu, kuku, na chochote walichotia watu kwenye sahani yake. Alikuwa akifika mapema, anaketi na mjane au watoto, anauliza. Marehemu alipenda kula nini? Aligombana na nani? Ng'ombe wake wa kwanza alimpata wapi? Kisha anavaa pete yake ya chuma ya kugongea mdundo kwenye kidole gumba cha mguu, anafunga njuga, na anamlilia mtu huyo na si mwingine.

Siku moja, kwenye kikao cha kupanga mazishi, mwenyekiti wa kamati aliuliza kwa nini wamlipe mzee anayechoka ilhali kadi ya shilingi ishirini haichoki. Watu walicheka na kukubali. Risper alikuwa ameketi pale pale, na kadi yenyewe ilitoka kwake.

Na kadi ina kasoro zake, hakuna asiyezijua. Nyatiti inapolia mtu huweka pesa, akausimamisha wimbo na kujisifu mbele ya umati: mkwe wa fulani, dume la ukoo fulani. Kwenye matanga ya mwaka juzi mlevi mmoja aliweka noti ya hamsini juu ya spika, akapaza sauti, "Simamisha hapo! Mimi Ogada, mpenzi wa wajane!" Spika ikaendelea. Akaongeza noti ya pili. Spika ikaendelea. "Omera, huyu mpigaji ana kiburi sana," akalalamika, akazichukua pesa zake akaenda kulala.

Kicheko kile kilikwisha Februari mwaka huu, kwenye msiba wa Mama Dorka Nyasuna, mfinyanzi mrefu aliyefinyanga nusu ya vyungu vya eneo hili. Waliweka kadi, na sauti ya Obiero ikamlilia Okelo, mume wa Perez, mtu mfupi mwenye ng'ombe warefu. Okelo alifariki miaka saba iliyopita. Perez, mjane wake, alikuwa miongoni mwa waombolezaji, sahani ya ugali mapajani. Aliposikia jina la mumewe alisimama, akaanza kulia upya kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa habari. Wanawake wa boma lile hawakujua wamshike yeye au waendelee kumlilia Dorka.

Fanuel, mtoto wa Dorka, alizima spika. Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kumchukua Obiero, ambaye hakuwa ameitwa kokote kwa karibu miaka miwili.

"Nilifika nikamuuliza, mama yako alipenda kula nini?" anasimulia Obiero. "Akaniambia, mzee, wewe piga tu, watu wanasubiri."

Akapiga. Lakini mpiga nyatiti hutunzwa na sugu za vidole, na zake zilikuwa zimelainika kwa kukaa bure. Kabla wimbo haujafika kati nailoni ilimchana, damu ikaingia kwenye nyuzi, mkono ukapotea njia. Kijana mmoja akainama, akamwambia kwa adabu zote, "Asante, baba. Pumzika kidogo." Spika ikawashwa tena. Obiero alipumzika mpaka Dorka akafukiwa, na hakuna aliyemwambia apige tena.

Nami mwandishi nilikuwa msibani pale, nikayaona hayo kwa macho yangu, na sijui kama nimewahi kuona adabu yenye ukatili kama ile.

Wiki iliyofuata Obiero alikuja kibandani kwa Risper. "Zifute," akasema. Risper akazifuta nyimbo zake zote, mzee akichungulia juu ya bega lake. Kisha akamwambia ukweli, kwamba ziko ndani ya simu za watu kutoka hapa mpaka Kisumu, na hizo hana mkono wa kuzifikia.

"Kumbe niko kila mahali," mzee alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Machi alirudi na nyatiti yake na ombi jipya. Wenzake wote wamekwenda, hakuna aliyebaki wa kumlilia. "Nikifa, mwanangu Odongo atatafuta kadi. Nitaliliwa kwa jina la Okelo. Mimi sitaki kuzikwa kama Okelo. Okelo alikuwa mfupi! Nirekodi nijililie mwenyewe, nyar Gem, angalau jina liwe langu."

Lakini alikuwa na sharti: si kwa vidole vile. Kwa hiyo kila Jumanne huja kuviumiza kidogo kidogo mpaka sugu zirudi.

Leo anapiga vizuri. Wauza nyanya wameacha kuita wateja, na fundi baiskeli amesimama na spana mkononi. Obiero anaumaliza wimbo, anamnyooshea Risper vidole.

"Bonyeza. Bado?"

Risper anabonyeza kimoja kimoja, bila haraka.

"Bado, jaduong'."

"Wewe mwanamke! Hii si ngumu?"

"Bado kidogo. Njoo Jumanne."

Mzee anaifunga nyatiti kwenye blanketi, akinung'unika. Akishateremka, Risper anaketi kwenye kigoda, anajifuta uso kwa leso.

"Sugu zimekuwa ngumu tangu wiki iliyopita," anasema. "Namjua yule. Akishajililia atakuwa amemaliza kazi, ataenda nyumbani kulala asiamke. Nimekwenda kwenye maboma matatu yenye msiba kuwaomba wamwite, bure, mimi nitamlipa. Wote wananiambia wana kadi."

Kesho ataenda boma la nne, ng'ambo ya mto. Anataka Obiero aitwe mara moja tu, aketi na wafiwa, aulize marehemu alipenda kula nini, na ajibiwe.

"Akiitwa, ndiyo nitamwambia vidole viko tayari," anasema. Anainuka, mteja amefika na memori kadi anaomba nyimbo za Obiero, zile zilizofutwa, za matanga ya kesho.