Kitambaa cha Juliana

Mpaka leo, nikisikia harufu ya nguo zinazochemshwa kwa sabuni ya mche, naziba pua na kuondoka.

Kaaka, bibi yetu wa Nshambya, alichemsha nguo za waliokufa, akazikata vipande na kushona mablanketi ya viraka ya kuwagawia wagonjwa wa parokia. Sisi wajukuu tulimtungia uzi kwenye sindano. Alituchekesha, akatugawia senene wa kukaanga, na wenzangu walifurahi kweli. Mimi nilishika kila kipande kwa ncha za vidole, maana chini ya sabuni bado nilisikia harufu ya usaha na jasho la kitandani. Hata senene sikuwala.

Siku moja nilichomoa kwenye rundo kipande cha kung'aa, chenye maua mekundu. Binamu yangu akapiga kelele, "Juliana!" Ndivyo kilivyoitwa kitambaa kile cha magendo kutoka Uganda, na watu walikuwa wameupa ukimwi, ugonjwa uliowaua wenye nguo hizo, jina hilohilo. Nilikitupa chini, nikakitemea mate, nikakimbilia karai la maji na kujisugua mikono kwa majivu.

"Kaaka, kichome moto!"

Kaaka alikiokota, akakifuta mate taratibu kwa kanga yake, akakinyoosha juu ya goti.

"Hukumbuki?" aliniuliza. "Hiki ni kipande cha gauni alilovaa mama yako siku ya komunyo yako ya kwanza."

Wenzangu wote walinitazama. Nilichota majivu mengine, nikaendelea kusugua.