Riwaya iliyomfanya mchapa barua wa Nyamongo aogope wateja wake

Tarime. Saa mbili asubuhi, mashine ya fotokopi haijashika joto vizuri, na tayari kuna mtu anamlalamikia Mwanamvua Bushiri kuhusu mafuta ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe haipo. Ni ya Matiko, kijana anayeishi ndani ya kurasa 186 za riwaya ya Dole la Marehemu, aliyoiandika Mwanamvua.

"Anakimbizana na wabaya wake kutoka Sirari mpaka Mugumu," anasema Nyamhanga, dereva wa bodaboda wa Nyamongo, akiwa bado na kofia ngumu kichwani. "Mimi njia hiyo naijua. Mbio zile, na vumbi lile, hajasimama kujaza mafuta hata mara moja. Hapo umetudanganya, dada."

Mwanamvua habishi. Anavuta kaunta buku lililo kando ya kompyuta, anampa kalamu na kumwomba aandike mwenyewe, ataje na ukurasa. Nyamhanga anaegemea kaunta na kuandika kwa herufi kubwa, huku abiria wake akimsubiri nje.

Daftari hilo lina maoni ya watu zaidi ya sitini. Wapo walioandika mstari mmoja, wapo waliojaza kurasa mbili. Mwanamvua ameyasoma yote, ingawa anakiri kwamba miezi michache iliyopita hakuwa na ujasiri hata wa kulifungua.

Duka lake la steshenari liko hatua chache kutoka barabara yanakopita mabasi ya wafanyakazi wa mgodi. Kwa miaka minane watu wa Nyamongo, Kewanja na vijiji vya jirani wamekuwa wakija hapa kuchapiwa barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba na, zaidi ya yote, malalamiko. Malalamiko ya mashamba, ya mirathi, ya ndoa. Ukurasa mmoja ni Sh1,000, na siku nzuri anachapa kurasa kumi na tano.

"Mtu wa barua ya kesi haleti karatasi tu," anasema Mwanamvua, mwenye umri wa miaka 36. "Anakaa hapo kwenye benchi anakueleza maisha yake, wewe unachapa. Mengine anayasema hapa kwa mara ya kwanza. Hata ndugu zake hawajayasikia."

Ni mtoto wa fundi cherehani aliyetoka Pangani akaja kutafuta maisha Tarime na hakurudi tena. Alizaliwa Tarime mjini, na Kikurya alikijua kwa kucheza na watoto wa jirani. Shule haikumwendea vizuri. Kidato cha nne alipata C ya Kiswahili na masomo mengine yote akafeli.

Baba yake alimpeleka kwa mama mmoja aliyekuwa akichapa nyaraka karibu na mahakama. Huko alijifunza kubofya herufi bila kuangalia vidole, na akajifunza lugha ya wenye kesi: mleta maombi, mjibu maombi, mimi niliyeweka sahihi hapo chini. Alipoolewa na Faridu, fundi wa kuchomelea vyuma, walihamia Nyamongo naye akafungua duka lake.

Riwaya aliianza kwa sababu ya umeme. Kila ulipokatika, wenzake walifunga na kwenda nyumbani. Yeye alitoa daftari la mistari na kuandika, mpaka taa ziwake tena. Ilimchukua miaka miwili. Kisha aliichapa mwenyewe, akavunja akiba yake ya kikoba, akaenda Mwanza na kurudi na nakala mia mbili ndani ya maboksi.

Dole la Marehemu ni kisa cha Wegesa, mjane kijana anayeletewa na shemeji yake karatasi inayoonyesha kwamba mumewe aliuza shamba kabla ya kufa. Karatasi ina alama ya dole gumba. Matiko, karani katika ofisi ya wakili, anagundua kwamba tarehe iliyo chini ya dole ni ya siku tatu baada ya mazishi. Anaamua kumsaidia Wegesa, anapoteza kazi, anatishiwa maisha, na katikati ya hayo yote anampenda.

Nakala themanini ziliisha ndani ya wiki mbili. Rahima, mwalimu wa Mugumu aliyenunua tano na kuzigawa kwa walimu wenzake, alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alisema kesi ilimkosesha usingizi, lakini mapenzi yalikuwa ya kubana sana. Watu wanapendana, alilalamika, na hawashikani hata mkono hadi ukurasa wa mia na kumi.

Huko Ikoma nakala moja ilizungushwa na wafanyakazi wa hoteli za watalii hadi kurasa zikaachana, na mfua nguo mmoja akazishona kwa uzi wa kufumia.

Faridu naye aliisoma. Alipoimaliza alimuuliza mkewe huyu Matiko ni nani.

"Nilicheka," anasema Mwanamvua. "Wakati ule nilikuwa bado nacheka."

Wiki ya tatu, mteja wake wa siku nyingi aliingia dukani na bahasha ya kesi ya mirathi. Alisimama mlangoni, akaitazama kompyuta, akaitazama bahasha yake. Kisha akasema atangoja kwanza, pengine ataenda kuchapia Tarime.

Siku mbili baadaye Mwanamvua aliambiwa sababu. Sokoni watu walikuwa wakisema kwamba yule mama wa steshenari anauza siri za watu. Kwa wiki mbili zilizofuata alichapa barua za kesi tano tu. Watu walikuja kutoa fotokopi za vyeti na kuondoka.

Kilichomuumiza ni kwamba hakuweza kuapa kuwa ni uongo. Wegesa na Matiko ni wa kutunga, na kila kitishio pia. Lakini kulikuwa na maneno ambayo hakuyatunga.

Katika ukurasa wa 94, Wegesa anasimama mbele ya hakimu na kusema: "Mume wangu tulimzika Jumanne. Hicho kidole kilitoka wapi siku ya Ijumaa?"

Maneno hayo yalisemwa miaka sita iliyopita kwenye benchi la duka hilo. Aliyeyasema ni Rhobi, mjane wa Kewanja, alipokuja kuchapiwa barua ya kupinga shemeji yake kuchukua shamba la marehemu mumewe. Baraza liliikataa karatasi ya dole aliyoileta shemeji na shamba likabaki kwa Rhobi. Mwanamvua aliyachapa maneno yale kwenye barua, na hayakumtoka kichwani.

"Nilipofika pale kwenye riwaya, Wegesa hakuwa na neno lingine la kusema," anasema. "Nikaliweka. Nilijiambia mama yule hasomi vitabu, hatajua."

Kisha Nyamhanga akaleta salamu. Alikuwa amempeleka abiria Kewanja, akasimamishwa na mama mmoja. Mama huyo alimtuma amwambie mwenye steshenari kwamba yeye, Rhobi, atakuja Jumatano, na kwamba kitabu chake anacho.

Mwanamvua alimuuliza alikuwa na uso gani. Nyamhanga alifikiri, akasema alikuwa ameukaza, ila mama yule hata akiuza ndizi huwa ameukaza.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Faridu alimshauri asingoje, aende mwenyewe akaombe radhi. Hakuthubutu kuingia kwenye mji wa watu na kosa lake mkononi. Aliona afadhali aandike barua. Mtu aliyewachapia wengine barua za kuomba msamaha kwa miaka mingi alikaa mbele ya kompyuta yake na kufuta mara nne. Mwishowe alizima mashine. Alilala bila kula.

Jumatano saa nne Rhobi aliingia akiwa na binti yake Happy, anayesoma kidato cha tatu. Kitabu kilikuwa kimefungwa ndani ya kitenge. Mwanamvua alimwamkia, akaitikiwa. Rhobi alikaa kwenye benchi lilelile na kuomba mlango urudishwe.

"Hilo neno la kidole ni langu," alisema.

"Ni lako, mama," Mwanamvua alijibu. "Nililichukua bila kukuomba."

Anasema alitaka kuongeza maneno, kueleza, kujitetea. Alingoja kusikia kwamba kuna wito wa baraza, au kwamba ndugu wa Rhobi wako nje. Rhobi alifungua kitenge taratibu na kuanza kusimulia.

Mwandishi wa makala haya alimfuata Rhobi nyumbani kwake Kewanja, naye alikisimulia tena kisa hicho huku akipukuchua mahindi. Aliomba jina la shemeji yake lisiandikwe. La kwake alisema liandikwe.

Happy alikiazima kitabu kwa mwenzake wa shule, akawa anamsomea mama yake jioni baada ya chakula. Jioni ya nne shemeji aliingia kuulizia jembe. Miaka sita hakuwa amekaa katika nyumba hiyo, na ingawa mashamba yao yamepakana, hawakuwa wakisalimiana. Alisikia mtoto anasoma, akasimama, kisha akavuta kigoda.

Happy alikuwa amefika mahakamani. Aliiona sentensi inayokuja, akanyamaza na kumtazama mama yake. Hadithi ya shamba lao aliijua.

"Nikamwambia, soma," anasema Rhobi. "Akasoma. Nikasikia neno langu, kama nilivyolisema siku ile, linasomwa nyumbani kwangu na yeye amekaa pale. Hakuinua uso."

Shemeji alisikiliza hadi mwisho wa sura, akachukua jembe, akaondoka. Kesho yake jioni alirudi, akauliza wamefika wapi. Alikuja jioni nne mfululizo. Siku kitabu kilipoisha aliuliza jambo moja tu: kama yule ndugu aliyeweka dole la uongo ni kweli alikufa bila mtu wa familia kuzungumza naye. Happy alimwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akasimama na kwenda zake.

Asubuhi ya siku ya pili, Rhobi akiwa shambani, shemeji alipita mpakani na kumsalimia.

"Hajaniomba msamaha," anasema Rhobi. "Sijui kama ataomba. Ila sasa ananisalimia kila siku, na mimi naitikia. Miaka sita nilikuwa napita pale moyo unadunda. Siku hizi napita tu."

Hayo ndiyo aliyokwenda kuyasema Nyamongo. Alipomaliza, alimpa Mwanamvua maoni yake kama msomaji. Wegesa analia mno, alisema. Yeye mwenyewe hakulia. Alikuwa na mahindi ya kupalilia na watoto wanne. Tena shemeji akishakufa Wegesa anasamehe upesi, ukurasa mmoja tu na yameisha.

Kisha akatoa masharti. Mwanamvua akilitaka neno la mtu tena, aombe kwanza. Na kitabu kikichapwa upya, iandikwe mahali kwamba neno la kidole ni la Rhobi wa Kewanja.

"Nilisema ndiyo, ndiyo, kila kitu ndiyo," anakumbuka Mwanamvua. " Walipotoka nilifunga duka nikaenda nyumbani nikala ugali kama mtu aliyetoka kulima. Faridu ananiangalia."

Happy ndiye aliyeandika maoni ya mama yake kwenye kaunta buku. Rhobi aliweka sahihi yake chini, jina zima, alilojifunza kuandika mwaka ule wa kesi. Habari za ziara hiyo zilienea zenyewe. Wiki iliyofuata yule mteja wa mirathi alirudi na bahasha yake, akakaa kwenye benchi, akaanza kusema.

Siku hizi kabla ya kuchapa barua ya kesi, Mwanamvua humwambia mteja jambo moja: kitakachosemwa hapa kitabaki kwenye karatasi yake, na kama kuna neno Mwanamvua atakalolitamani, ataliomba. Wengi hucheka. Mama mmoja alimuuliza kwa nini hajaliomba la kwake.

Maoni yaliyompa mwelekeo mpya hayakuandikwa dukani. Yalikuja kwa barua ya kurasa nne, mwandiko wa kulala, kutoka kwa Mzee Simioni Waitara wa Tarime mjini, karani wa mahakama mstaafu. Alisifu kisa, kisha akaeleza kwa upole kwamba Wegesa alipelekwa pasipo pake. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka na kesi ya shamba. Kesi ile ingekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na riwaya nzima ingebadilika.

Mwanamvua alikwenda kumshukuru. Mzee alimuuliza sheria alisomea wapi. Alipojibu kwamba hajasomea popote, mzee alimwambia kwamba akipata ufaulu katika masomo manne ya kidato cha nne anaweza kuomba astashahada ya sheria, na kwamba amewaona watu wa umri mkubwa zaidi wakianza.

Toleo la pili la Dole la Marehemu linaandaliwa. Wegesa atakwenda barazani, atalia kidogo, na Matiko atajaza mafuta Tarime. Jina la Rhobi litakuwa ukurasa wa kwanza.

Wakati huohuo, Mwanamvua amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila Jumamosi anakwenda Tarime kwenye masomo ya ziada, anakaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa, na hesabu bado zinamtoa jasho.

"Miaka yote hii watu wananisimulia kesi zao, nachapa, wanaondoka," anasema. "Wakiniuliza, dada, hapa nitashinda? huwa nawaambia mimi nachapa tu. Nataka siku moja mtu aniulize, nimwambie kaa, tuzungumze."